Kusomea filamu na video chuo kikuu: neno kwa vijana na wazazi wa Lamu na Malindi

MwanaAmu (mwanzishaji wa uzi)

Assalamu alaikum ndugu zangu, na salamu kwa wote mnaosoma hapa. Kila matokeo ya KCSE yatokapo na kipindi cha kuchagua kozi kikafunguliwa, hupokea swali lile lile kutoka kwa vijana wa Lamu na Malindi, na mara nyingi zaidi kutoka kwa mama zao: kuna haja gani ya kukaa chuo kikuu miaka minne kusomea filamu na video, hali kamera imo hata ndani ya simu na mafunzo yamejaa tele mtandaoni? Nimekuwa nikimjibu mmoja mmoja, na leo nimeona niandike kwa urefu mahali pamoja, ili mwenye kunipinga anipinge mbele ya watu na sote tunufaike.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Mkomani, nimesomea utengenezaji wa filamu katika chuo kikuu kimoja cha bara, na sasa naishi Malindi kwa kazi hiyo hiyo. Nitaanza na jambo lililonitokea kabla sijasoma, kwa kuwa ndilo lililonipeleka chuo.

Nilipomaliza kidato cha nne niliazima kamera ya jamaa yangu, nikaenda Matondoni kumrekodi mzee mmoja fundi wa majahazi. Ulikuwa mwezi wa Januari na kaskazi imekaza. Mzee aliketi chini ya banda la makuti, tezo mkononi, akichonga taruma, yaani mbavu za chombo, huku akinieleza jinsi mti unavyochaguliwa kwa pindo lake, jinsi pamba inavyosokotwa na kupigwa kalafati katikati ya mbao, na jinsi babu yake alivyojua kwa kugonga tu kwamba ubao fulani utavuja. Alizungumza dakika arubaini, kwa Kiamu kilichonyooka, akitaja viungo vya chombo kwa majina ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuyasikia. Picha zilitoka nzuri mno. Ukitazama mikono yake ungeweza kuhesabu mishipa. Usiku nilipovaa spika za masikioni ili nisikilize, nikasikia upepo. Ulikuwa upepo mtupu, mvumo kama wa tanga linalopigwa, na chini yake sauti ya mtu ambaye unajua anasema neno lakini neno lenyewe hulishiki. Kesho yake nilirudi nikamwomba aseme tena. Akanitazama kwa upole, akasema, "Nishanena, mwanangu," akaendelea na kazi yake. Mwaka haukupita, mzee akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kilichonipotezea maneno yale hakikuwa uduni wa kamera. Niliyakosa kwa sababu sikujua kwamba maiki iliyojengwa ndani ya kamera husikia upepo kabla ya kumsikia mtu, wala kwamba kazi ya kurekodi huanza kwa kuvaa spika za masikioni na kusikiliza hapo hapo, mzee akiwa bado ameketi mbele yako. Ni jambo dogo ambalo mwalimu angenieleza kwa dakika tano, lakini hakuwepo wa kunieleza, na mimi sikujua hata kwamba ni jambo la kuuliza.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote katika uzi huu. Anayejifunza peke yake hujifunza yale anayojua kwamba hayajui. Chuo, kikiwa chuo kweli, hukufunza yale ambayo hukujua kwamba yapo.

Muhula wetu wa kwanza hatukushika kamera kwa wiki kadhaa. Tulikalishwa uani, tukaambiwa tufumbe macho dakika kumi kisha tuandike kila tulichosikia, kwa mpangilio, kuanzia cha karibu hadi cha mbali. Baadhi ya wenzangu walinung'unika kwamba hawakulipa ada waje kusikiliza kunguru. Mimi nilikumbuka Matondoni na nikafumba macho kwa bidii.

Baadaye ukaja uhariri, na hapo ndipo akili yangu ilipofunguka. Tulisoma jaribio la Lev Kuleshov, mwalimu katika chuo cha filamu cha Moscow kilichoanzishwa mwaka 1919: uso mmoja wa mwigizaji, picha ile ile isiyobadilika, ukiunganishwa mara na bakuli la supu, mara na jeneza, mara na mwanamke, na watazamaji wakaona njaa, huzuni na mapenzi katika uso ambao haukufanya lolote. Nilirudi Lamu likizoni nikajaribu mwenyewe. Nilichukua picha ya mzee akitazama mbele pale gatini, nikaiunganisha kwanza na jahazi linaloondoka, kisha na chungu cha uji. Mamangu alitazama zote mbili. Ya kwanza alisema, "Maskini, amesafirisha mtoto." Ya pili alisema, "Huyu amefunga tangu asubuhi." Tangu siku hiyo nimejua kwamba maana haimo ndani ya picha peke yake, imo pale picha mbili zinapokutana, na mwenye kuzikutanisha ana dhamana kubwa kwa mtu aliyemrekodi.

Jambo la tatu ni kukosolewa. Filamu yangu ya kwanza ya darasani ilikuwa ya dakika tano, nayo ilijaa punda, milango ya nakshi na jua linalotua nyuma ya matanga. Niliileta kwa fahari. Mwalimu aliitazama hadi mwisho, akairudisha kwenye mlango mmoja uliochongwa vizuri sana, akauliza, "Nani anaishi nyuma ya mlango huu?" Nilikuwa nimepita mbele ya mlango ule maisha yangu yote na namjua bibi anayeishi mle, najua hata sauti ya kikohozi chake, lakini katika filamu yangu hakuwamo. Nilikuwa nimeupiga picha mji wangu kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa Manda asubuhi na kuondoka jioni. Sidhani kwamba video yoyote ya mtandaoni ingeniuliza swali lile.

Karibuni tujadiliane.

Fundi_wa_Harusi

Wa alaikum salaam kaka. Nimesoma maelezo yako kwa makini na yana uzito, lakini naomba nitoe upande wa pili, kwa sababu mimi ni mpiga video hapa Malindi kwa mwaka wa kumi na moja sasa na sikukanyaga chuo chochote. Nilianza kwa kumbebea taa fundi mmoja wa hapa mjini, nikajifunza kwa macho na kwa makosa, na leo nina kamera mbili, vijana watatu wa kunisaidia, na watoto wangu wanasoma kwa kazi hii. Katika muda huo nimeona vijana waliorudi na shahada wakaja kuniomba kazi, na wengine wao hawajui kusimama pembeni mwa ukumbi bila kumziba bibi mzaa bi harusi.

Wala usiidharau harusi. Harusi ni tukio lisilorudiwa: kadhi hatasoma hutuba ya nikaha mara ya pili kwa sababu betri yako imekwisha. Katika harusi zetu nusu ya sherehe, nayo ni ile nzuri zaidi, mwanamume haingii kabisa. Siku ya kupamba bi harusi, simu hukusanywa mlangoni, na anayeruhusiwa kurekodi ni mwanamke aliyeaminiwa na familia zote mbili. Imani hiyo haifundishwi darasani. Kwa hiyo nauliza bila ugomvi: miaka minne na ada yake, si bora kijana anunuliwe vifaa, akae na fundi mwaka mmoja, kisha aanze kujitegemea?

MwanaAmu

Kaka, nimekuelewa na nakuheshimu, na sehemu kubwa ya uliyoyasema ni kweli. Uanagenzi ni shule, na mimi mwenyewe adabu ya kuingia nyumba ya mtu na kamera sikuipata chuoni bali kwa watu kama wewe. Kwa kijana ambaye nia yake ni harusi na matangazo ya biashara za mjini, njia uliyoipita ni halali na huenda ikamfaa kuliko shahada. Lakini niruhusu nikuulize mambo mawili ambayo nadhani yamekupata.

La kwanza ni mistari ile inayotambaa juu ya picha mkirekodi chini ya taa za mirija ukumbini. Umeme wetu wa Kenya hupigapiga mara 50 kwa sekunde, na kamera nyingi zinapotoka dukani zimewekwa fremu 30 kwa sekunde, zinazofuata umeme wa Marekani wa mara 60. Ukiweka fremu 25 na kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, ya sehemu 1 ya 50 ya sekunde, mistari hiyo kwa kawaida hutoweka. Najua mafundi waliobadilisha kamera tatu kwa kuikimbia mistari hiyo, na kumbe tiba ilikuwa ndani ya menyu ya kamera ya kwanza.

La pili ni zito zaidi, nalo ni la sheria. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa mteja huyo, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Maana yake ni kwamba ile video ya harusi unayoiweka mtandaoni ili kujitangazia kazi, kama hamkuandikiana, huenda si yako kuitumia. Sisi tulilisoma hili muhula mzima pamoja na mikataba, ridhaa ya mtu anayerekodiwa, na vibali vya kurekodi filamu chini ya Sura ya 222 ya sheria za nchi. Lilikuwa somo kavu, wala sikulipenda wakati ule. Sasa ndilo ninalolitumia kila wiki.

Kuhusu kupamba, umesema neno ambalo natamani wazazi wenye mabinti walisome mara mbili. Kazi hiyo ipo, watu wako tayari kuilipia, na wanawake walioifundishwa ipasavyo ni wachache.

Mama_Muyeye

Ahsanteni wanangu kwa mjadala huu. Mimi ni mzazi, naishi Muyeye, na binti yangu wa tatu amepata C+ na anataka filamu, hataki kusikia jambo lingine. Babake ana wasiwasi wa aina mbili. Wa kwanza ni fedha, maana yeye ni mvuvi na bahari mnaijua. Wa pili ni maneno ya watu, kwamba filamu ni mambo ya uhuni na mtoto wa kike atapotea Nairobi. Mimi nimemwona mtoto huyu akikaa usiku kucha akiunganisha video ya marehemu nyanyake kwa simu, na aliyoyatoa yalituliza wote nyumbani, kwa hiyo moyo wangu uko upande wake. Ila nataka nijue: C+ inatosha? Aende wapi? Na je, ni lazima iwe shahada?

MwanaAmu

Shikamoo mama. Nitakujibu kwa kadiri ninavyojua.

C+ ndiyo alama ya chini kabisa ya kuingia shahada hapa Kenya, kwa hiyo mlango uko wazi, ila KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi vyuo, hutazama pia alama za masomo maalumu ya kozi husika, na binti asijaze fomu kabla hajasoma masharti ya kila kozi kwa jina lake. Diploma huanzia C-, na naomba msiione kama adhabu. Taasisi ya Kenya ya Mawasiliano ya Umma iliyoko South B, Nairobi, ilianza mwaka 1961 kwa kufundisha mafundi wa utangazaji, na watu wengi walioshika kamera, sauti na uhariri katika vituo vya nchi hii walipitia hapo. Kwa upande wa shahada, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara inayofundisha filamu pamoja na sanaa za maonyesho, na USIU nayo ina shahada ya filamu, ila hicho ni chuo cha binafsi na ada yake ni ya binafsi. Akitaka kuvuka mpaka, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu, na pale Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981 katika mji wa Waswahili kama sisi. Kuhusu ada, aombe mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, mapema, na ajaze hali ya nyumbani kwa ukweli na ukamilifu, kwa kuwa tangu mwaka 2023 kiwango cha msaada kimefungamanishwa na uwezo wa familia.

Lakini mama, jina la chuo lisikutoshe. Kama kuna njia, aende akaone, au ampigie mwanafunzi aliyeko ndani, aulize wanafunzi wangapi wanagawana kamera moja, kama kuna chumba cha sauti kinachofanya kazi au ni mlango wenye kibandiko tu, na kama anaweza kuonyeshwa filamu za wanafunzi waliomaliza mwaka uliopita. Nimesoma na watu waliomaliza mwaka mzima wakiwa wameshika kamera kwa jumla ya saa chache, kwa sababu tulikuwa wengi na vifaa vilikuwa vimefungiwa kabatini kwa kuogopwa kuharibika. Hilo liliniuma sana, na hadi leo naamini ni dhuluma kwa mtoto ambaye mzazi wake ameuza ng'ombe au mashine ya boti ili asome.

Ada pia si gharama yote. Video nzuri ya 4K, hata iliyobanwa hadi megabiti 100 kwa sekunde, hula takriban gigabaiti 45 kwa saa moja. Atahitaji diski mbili, si moja, maana diski moja ni ahadi tu ya kupoteza kazi. Programu ya kuhariria si lazima ainunue. DaVinci Resolve ina toleo la bure ambalo wataalamu wanalitumia, mradi kompyuta iwe na nguvu ya kuibeba.

Kuhusu maneno ya watu, mwambie babake kwa heshima kwamba filamu ni chombo kama mashua. Kuna anayevulia halali na kuna anayesafirishia magendo. Fundi amekwisha kueleza hapo juu kwamba familia zetu zenyewe zinatafuta wanawake wa kuaminika wenye ujuzi huu. Na mtoto aliyehariri video ya nyanyake hadi nyumba ikatulia, mama, huyo amekwisha kuanza.

Mwalimu_Langoni

Naomba nichangie kidogo. Ninafundisha Kiswahili hapa Lamu, na kila mwaka naona wageni wakija na kamera wakati wa Maulidi au tamasha la utamaduni. Mji huu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo umepigwa picha pengine kuliko mji wowote wa ukubwa wake katika pwani hii. Hata hivyo nikitafuta rekodi ya nusu saa ya bibi wa Pate au Siyu akizungumza lahaja yake bila kukatizwa na mtafsiri au muziki, ili wanafunzi wangu wasikilize, napata taabu. Picha tunazo. Sauti zetu hatuna. Kwa hiyo ninaposikia kijana wa hapa amekwenda kusomea jambo hili, huwa natamani arudi akiwa fundi wa sauti kabla ya kuwa mwongozaji.

Fundi_wa_Harusi

Kaka MwanaAmu, jana usiku nilikuwa na harusi katika ukumbi wenye taa za mirija. Nimeweka fremu 25 na shata ya 50 kama ulivyosema, na mistari haikuonekana. Nimekaa na hilo jambo tangu asubuhi, miaka kumi na moja.

Sasa naomba niulize kama mwanafunzi. Kwanza, upepo: nikirekodi ufukweni wakati wa kaskazi, au huko kwenu, nifanyeje? Pili, mimi nina miaka thelathini na minane. Kama ningetaka kusoma, si nimechelewa?

MwanaAmu

Kaka, la pili kwanza. Ousmane Sembène wa Senegal, ambaye wengi humwita baba wa sinema ya Afrika, alizaliwa mwaka 1923, akawa mpakuzi wa shehena katika bandari ya Marseille, akaandika riwaya, kisha alipokaribia miaka arubaini akaenda Moscow kusomea filamu, kwa sababu aliona kwamba watu wake wengi hawawezi kusoma vitabu vyake. Ungekaa darasani ukiwa na maswali ya miaka kumi na moja, na ni mwanafunzi wa namna hiyo anayemfaidi mwalimu.

Kuhusu upepo, usitumie maiki ya kamera hata siku moja. Tumia ile ndogo ya kubana kifuani, uifiche ndani ya nguo na kuivisha kifuniko cha manyoya. Sifongo nyeusi inayokuja nayo haitoshi kwa kaskazi. Mkalishe mzungumzaji upande ulio sitirini, ukuta au ubavu wa mashua ukiwa kati yake na upepo, na mgongo wake ukingie maiki. Rekodi sauti kwa kiwango cha chini kuliko unavyofikiri, kwa sababu sauti ndogo huinuliwa baadaye lakini sauti iliyopasuka hairekebishiki. Kisha, kabla hamjaagana, rekodi nusu dakika ya mahali pale bila mtu kusema kitu, uwe na kiraka cha kuzibia unapokata. Na spika za masikioni zisitoke masikioni mwako.

Mwalimu_Langoni

Ile rekodi ya Matondoni bado unayo? Haiwezi kusafishwa?

MwanaAmu

Ninayo, mwalimu, katika diski tatu. Mwaka wa tatu chuoni niliileta kwenye chumba cha sauti na tukaishughulikia siku nne. Nguvu nyingi ya upepo hukaa chini, kwenye sauti nzito, kwa hiyo tulikata kila kilicho chini ya hezi 120, na kweli sauti ya mzee ikajitokeza hapa na pale. Lakini palipopasuka pamepasuka, hapana kitu cha kurudisha. Katika dakika zile arubaini tulipata kama dakika sita zinazosikika, na nimeziandika zote neno kwa neno.

Kuna mahali pamoja bado pananishinda, na kwa kuwa umeuliza mbele ya watu, nitauliza nami. Katika picha mzee anaweka kiganja juu ya ubao wa kwanza, ule unaoshikana moja kwa moja na mkuku, yaani mti mkuu wa chini wa chombo, anaupiga mara mbili na kuutaja jina. Upepo unakuja pale pale. Nasikia mwisho wa neno tu, sauti kama "ko". Nimewauliza mafundi wawili hapa Malindi na kila mmoja amenipa jina tofauti, na hakuna linaloishia hivyo. Kama kuna msomaji wa Matondoni, au mwenye babu aliyejenga vyombo Kizingitini au Faza, naomba amwulize mzee wake ubao huo unaitwaje kwao, na kama itawezekana, amrekodi akiutaja.